Mpenzi wa Kuni Katika Joto la Februari

Katikati ya Februari shangazi yangu alishuka kutoka Maragoli, kwenye vilima vya kaskazini vyenye baridi, kuja kututembelea, na siku ya kwanza tu alinikuta saa saba mchana nimeinama mbele ya jiko la kuni, sufuria ya maharagwe ikitokota, bati lililo juu ya kichwa changu likilialia kwa kupanuka, na jasho likinitiririka hadi kwenye viwiko. Alisimama kivulini, akajipepea kwa ncha ya leso yake, kisha akauliza kwa upole ambao haukuficha chochote: "Mwanangu, jua lote hili bado halijakutosha?" Sikuwa na jibu. Hata kuku walikuwa wamejilaza chini ya mwembe, mabawa wameyaachanisha na midomo wazi, na katika boma zima ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiongeza moto juu ya moto.

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Tuko majirani wanne huku upande wa Riat, juu kidogo ya jiji la Kisumu, ambao tumeshikamana na kuni kwa hiari yetu. Mmoja hukausha samaki kwa moshi, wa pili ana tanuri la udongo analookea mikate kila Jumamosi, wa tatu ni seremala mstaafu asiyetupa hata kibanzi, na mimi ninapenda tu chakula kilichoiva polepole. Ninao mtungi wa gesi wa kilo 13 na ninautumia bila haya. Lakini githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo majirani zangu Wajaluo huiita nyoyo, ikiiva kwa ukuni mkavu huwa na ladha ambayo sijaipata kwingine, na kupasua kuni hunituliza akili kuliko kazi nyingine yoyote niijuayo. Tukikutana sisi wanne, tunabishana kuhusu kuni kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira, na wake zetu wamekwisha kutuzoea.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho kingetosha kutupatia hewa ya kuburudisha kama jiji lisingekuwa limekaa kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria huku vilima vikiikinga hewa nyuma yake. Ikweta iko kilomita chache tu kaskazini yetu, na anayekwenda Busia huiona alama yake pale Maseno. Kwa hiyo jua hupita utosini petu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na tena mwezi wa Septemba, na miezi ya Januari na Februari, yenye mvua haba, hututayarisha kwa kutuchoma mapema. Miaka ya karibuni joto limezidi: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka wa 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo vianze kuwekwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa kabla ya enzi ya viwanda, na mwezi wa Machi wa mwaka huohuo ndugu zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kote nchini kwa kuhofia joto la kufikia nyuzi 45. Hapa kwetu kipimajoto nilichokitundika kivulini husoma 33 au 34, lakini unyevu wa ziwa huifanya hewa ielemee kifua kuliko nambari yenyewe inavyoonyesha.

Mtu wa kawaida akiliona joto la namna hii huizima meko na kungoja mvua. Mpenzi wa kuni hawezi kufanya hivyo, kwa sababu huu ndio msimu pekee ambao kuni zinakauka kwa kweli. Masika yakianza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, ukuni uliochelewa kukauka hautakauka tena, nawe utakaa miezi mitatu ukipuliza moshi huku macho yakikutoka machozi. Hivyo tunalazimika kufanya kazi nzito zaidi ya mwaka katika wiki zile ambazo mwili haupaswi kufanya kazi yoyote.

Mwanzoni mwa Januari nilinunua mkokoteni mmoja wa mkaratusi mbichi, nikaupasua wakati ungali na maji, kwa maana mkaratusi ukishakauka katika gogo hugeuka kuwa jiwe na kuirudisha shoka usoni pako. Nikachagua kipande kimoja chenye unene wa mkono wangu, nikakitia alama ya msalaba kwa kaa, nikakipeleka dukani kwa jirani na kukipima kwenye mizani ya sukari. Kilikuwa na kilo 2.4. Mwenye duka alicheka siku ya kwanza, lakini kufikia wiki ya tatu alikuwa akiniuliza yeye mwenyewe, "Mgonjwa wetu ameshuka uzito kiasi gani leo?" Wiki mbili baadaye kipande kilikuwa na kilo 2; mwisho wa Februari kilifika kilo 1.5 na kikagoma kushuka tena. Gramu 900 zilizotoweka zilikuwa maji matupu, yaani kiasi cha kutosha birika dogo la chai.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara tano ya ile iliyoyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi yakachemka. Anayetia ukuni mbichi jikoni, kwa hiyo, anaupikia mti chai kwanza, na sufuria yake inangoja zamu. Zaidi ya hayo, moto uliopoozwa na mvuke hauwezi kuziunguza gesi zinazotoka katika mti, na gesi hizo zisizoungua ndizo moshi unaotuumiza na masizi yanayoganda kwenye sufuria. Wajuzi husema ukuni mzuri uwe na maji yasiyozidi asilimia 20 ya uzito wake, na mti uliokatwa jana huweza kuwa na nusu ya uzito wake ikiwa maji. Asiye na mizani anaweza kugonganisha vipande viwili: vibichi hutoa mlio wa kufifia kama ubao uliolowa, vikavu hulia kama vigae.

Mwaka jana niliharibu karibu nusu ya akiba yangu kwa kudhani kwamba joto ndilo linalokausha. Nilizifunika kuni pande zote kwa turubai jeusi, nikiamini kwamba zitaokwa humo ndani kama mkate, na nilipofunua baada ya wiki tatu nikakuta matone ya maji yamening'inia chini ya turubai na kuvu nyeupe imetambaa kwenye magome. Joto lilikuwepo la kutosha, lakini mvuke haukuwa na pa kwenda. Seremala ndiye aliyenifundisha kuzipanga katika safu moja nyembamba, juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, ncha zikielekea ziwani, na bati moja juu tu kwa ajili ya mvua ya ghafla. Mchana ardhi inapopata moto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukashuka kutoka vilimani kwenda ziwani, kwa hiyo safu iliyopangwa kwa mwelekeo huo hupulizwa mara mbili kila siku bila malipo. Tangu hapo ninaamini kwamba kuni huhitaji upepo kuliko jua.

Nilipaswa kuyatumia maarifa hayo kwa mwili wangu pia, lakini sikuyatumia. Jumamosi moja mwishoni mwa Januari nilianza kupasua magogo saa nne asubuhi nikikusudia kumaliza kabla ya saa sita, na saa saba bado nilikuwa nayainulia nyundo na kabari, nyuma ya nyumba, mahali pasipofikiwa na upepo. Misuli ya mapaja ilianza kukaza kwanza, halafu kichwa kikauma, halafu nikahisi kichefuchefu na nikaona gogo moja likiwa mawili. Jirani yangu wa samaki alinishika mkono, akaniketisha chini ya mwembe, akanivua shati na kunifunika kifua kwa kanga iliyolowa, kisha akanipepea kwa kipande cha kadibodi kana kwamba mimi ndiye jiko. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alinitengenezea kinywaji cha lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, akaniambia ninywe polepole. "Shemeji," akasema, "ungeanza kuropoka ama kuzimia, tungekuwa tumekuweka kwenye gari saa hii." Alinieleza kwamba joto la ndani ya mwili likipanda hadi nyuzi 40 na akili ikavurugika, hilo si jambo la kutibiwa kwa kupumzika nyumbani, mtu humwagiwa maji na kupepewa huku akikimbizwa hospitali, wala halazimishwi kunywa kitu akiwa hajitambui.

Nikiwa nimelala pale chini ya mwembe, nikitazama safu ya kuni upande mmoja na mtungi wa udongo wa maji ya kunywa upande wa pili, ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Maji yanayoondoka huondoka na joto. Mtungi wetu hupoza maji kwa sababu unavuja kidogo kupitia vinyweleo vya udongo, na unyevu ule unaokauka juu ya ngozi yake huchukua joto la maji yaliyomo. Mwili wangu hufanya vivyo hivyo kwa jasho. Na ukuni mbichi huuharibu moto kwa kanuni ileile ambayo huniokoa mimi. Vyote vitatu vinategemea hewa inayotembea: mtungi uliofungiwa kabatini haupozi maji, kuni zilizofungwa kwa turubai hazikauki, na mpasua kuni aliyejificha nyuma ya nyumba hutoka jasho linalodondoka chini badala ya kukauka, kwa hiyo halimpozi. Nilihamisha gogo la kupasulia siku iliyofuata. Sasa liko pale upepo wa ziwa unapopita, nami hupasua kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi na sigusi shoka tena hadi jua litakapolala.

Kuhusu upishi wenyewe, tulichofanya ni kuuhamisha moto kutoka mchana kwenda alfajiri. Saa kumi na moja, wakati hewa ya usiku ingali baridi na hata nzi hawajaamka, kukaa mbele ya jiko ni raha ambayo siwezi kuielezea kwa mtu wa gesi. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, maji yake humwagwa, kisha huchemshwa kwa moto mkali dakika 40 hivi. Hizo dakika 10 za kwanza za kuchemka kwa nguvu hazina mjadala, kwa sababu maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo joto la wastani haliiondoi. Baada ya hapo sufuria, ikiwa imefunikwa na ingali inatokota, huingizwa katika kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu na kufunikwa kwa mto, na kikapu hicho huendelea kupika chenyewe, bila moto wala moshi, hadi adhuhuri. Kina mama wengi nchini wanakijua kikapu hiki tangu zamani. Sisi wanaume wanne tulikigundua kama watu waliogundua gurudumu. Mchana sufuria hutolewa, hurudishwa kwenye gesi hadi ichemke tena, na watu hula.

Ugali umetushinda. Hauwezi kuingia kikapuni, hauwezi kupikwa alfajiri ukaliwa saa saba bila kulalamikiwa, na unahitaji moto mkali pamoja na mkono wenye nguvu kwa wakati mmoja. Katika wiki za joto kali ugali wetu ni wa gesi mchana na wa kuni usiku, na suala hilo nimelifunga.

Jiko lenyewe lina uzito katika jambo hili kuliko nilivyodhani. Nilikulia kwenye mafiga matatu, na bado nayapenda kwa macho, lakini moto wa mafiga hupeleka chini ya thuluthi moja ya joto lake kwenye chungu, mara nyingi pungufu hata ya hapo, na kilichobaki humpiga mpishi miguuni na usoni. Mwezi wa Julai kule Maragoli hilo ni jambo la kushukuru. Februari hapa Kisumu ni adhabu. Jiko la Maendeleo, lile la kigae lililoanza kusambazwa vijijini miaka ya 1980 kupitia vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, lina mdomo mdogo usiokubali zaidi ya vijiti viwili au vitatu, na likijengewa ukuta mnene wa udongo joto hubaki ndani. Nililijenga mwezi wa Desemba chini ya paa lisilo na kuta, na tofauti niliiona kwenye shati langu kabla sijaiona kwenye rundo la kuni.

Kuhusu aina za miti sisi wanne hatutaafikiana kamwe. Mimi nasimama na mgunga kwa makaa yake mazito, jirani wa samaki anaapa kwa mti ambao Wajaluo huuita ober, na seremala huchoma chochote kilichobaki kwenye karakana yake isipokuwa mbao zilizotiwa dawa, ambazo moshi wake ni sumu na hazipaswi kukaribia chakula. Siala, mti mwingine wa huku kwetu, hukua upesi na ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo nimepanda safu yake kwenye mpaka. Mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaopandwa kama ua, usiuguse kabisa. Utomvu wake unaunguza macho.

Jambo moja la hatari sikulitarajia. Nilikuwa na desturi ya kumwaga majivu nyuma ya choo, na majivu yale yalionekana yamekufa, ya kijivu na baridi kwa juu. Siku mbili baada ya kuyamwaga, upepo wa saa tisa ulipovuma kutoka ziwani, uliyafunua makaa yaliyokuwa yamelala chini, nyasi zilizokauka zikashika, na moto ukatembea hatua kama 20 kuelekea kwenye ua wa jirani kabla hatujauzima kwa matawi mabichi na ndoo za maji ya kuoshea. Niliomba radhi, nikaupanda upya ua wake, na tangu siku hiyo majivu yangu hukaa kwenye debe lenye kifuniko siku nne nzima, humwagiwa maji, ndipo huenda shambani. Nyasi zilizo karibu na jiko nimezifyeka hadi udongo uonekane, na moto haukokwi tena alasiri, saa ambazo upepo huwa na nguvu.

Siwezi kuandika haya yote nikaunyamazia moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, na wengi wa wanaoivuta hewa hiyo ni wanawake na watoto ambao hawakuchagua kuni kwa mapenzi kama sisi. Mapenzi yetu ni ya watu wenye mtungi wa gesi pembeni, na ni haki kulikiri hilo. Kwa hiyo kwetu moto haukokwi tena ndani ya chumba, mtoto hakai upande ambao moshi unaelekea, na siku ambazo hewa imesimama kabisa, moshi ukagoma kupanda na kutanda juu ya boma kama blanketi, kuni hupumzika.

Shangazi alikaa nasi hadi wiki ya pili ya Machi. Kufikia wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya alasiri juu ya vilima vya Nandi, nami na seremala tulikuwa tukikimbizana kuzihamishia kuni bandani kabla ya matone ya kwanza. Aliondoka Jumapili, na asubuhi ile alisisitiza kutupikia ugali yeye mwenyewe, kwa kuni, alfajiri, ili aonyeshe kwamba naye ameelewa. Ugali ulikuwa mzuri sana, hauna hata harufu ya moshi. Nilipomsindikiza hadi kwenye stendi na kurudi, nilikwenda kuchukua kile kipande changu cha mkaratusi cha kilo 1.5 nikipeleke dukani kwa mara ya mwisho, maana mwenye duka alikuwa ameomba akipime yeye. Hakikuwepo rafuni. Nilimpigia shangazi simu akiwa bado njiani, pale Kiboswa, nikamuuliza kama alikiona kipande chenye alama ya msalaba.

"Kile cha juu?" akasema. "Mwanangu, ndicho nilichowashia moto. Kilikuwa kikavu kuliko vyote."